Mtumbwi wa Mpira kwenye Kijito cha Ulemo

Sikwenda Ulemo kutafuta mandhari. Nilikwenda kumnyamazisha shemeji yangu Yohana, mdogo wa mke wangu, aliyetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mimi hata kwenye beseni nitazama. Utani wa Yohana ndio raha yangu kubwa ya kuoa kwao. Ananitukana, namtukana, tunacheka mpaka wakwe wanatuonea huruma. Safari hii nilitaka neno la mwisho liwe langu.

Nikanunua mtumbwi wa mpira wa kujaza upepo, mtumba, nikajifunza kupiga kasia Ziwa Singidani, kwenye maji yaliyotulia kama uji uliopoa. Baada ya Jumapili chache nikajiona bingwa.

Asubuhi ya safari, stendi ya Singida, konda aliuliza kama mzigo wangu ni hema la mkutano wa injili. Nikamwambia ni chombo cha majini.

"Majini wapi, mzee, huko Ulemo?"

Nikapanda basi kwa dharau ya mtaalamu.

Ulemo, Yohana alinipokea kando ya shamba lake la alizeti. "Karibu, shemeji! Jeneza umekuja nalo mwenyewe?"

"Nimekuja nalo, ila vipimo ni vyako."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka nje kuangalia kuna nini.

Kijitoni, mvua zilikuwa zimekolea. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yalishuka mlimani kati ya majabali, na chini kabisa bonde lilikuwa kijani mpaka macho yanachoka. Kwa uzuri ule nilisahau kuogopa. Yohana alileta kamba anifunge kiunoni. Nikakataa. Kamba ni ya mbuzi, nikamwambia.

Nilianza vizuri, yaani kinyumenyume. Kasia likagombana na jiwe, jiwe likashinda. Nikapaza sauti, "Unaona, wewe?" Yohana alikuwa akikimbia ukingoni. "Shemeji, toka! Mbele maji yanaanguka!"

Nikacheka.

"Sikutanii!"

Jamani, mtani akikuambia hakutanii, si ndipo anapotania? Nikampungia mkono kama mheshimiwa. Ndipo akaita, "Elia!" Miaka yote hiyo hajawahi kunitaja jina. Nikataka kugeuza, lakini kasia lilikuwa limeshakwenda zake.

Nikaanguka. Yowe nililopiga halikuwa la baba wa watoto wanne. Mtumbwi ukaenda kwao, mimi nikanasa kwenye mizizi, kichwa kinazama na kuibuka, nikajua leo ndiyo basi. Kisha mkono ukanishika ukosi. Yohana, asiyejua kuogelea, alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, ile kamba ameifunga kwenye mti na kujifunga mwenyewe. Aliponitoa alikaa kwenye jiwe, akalia kwa sauti. Mimi nikakaa kando yake nikitapika kijito, na sijawahi kuona aibu kiasi kile.

Jioni mkewe alitupikia jogoo na ugali wa uwele. Nilisubiri matusi, hayakuja. Mwishowe nikajichokoza mwenyewe: "Shemeji, hivi samaki wenu wamenionaje?"

Akanisogezea bakuli. "Kula, kaka. Umechoka."

Kesho yake alinibebea begi hadi barabarani, akanitakia safari njema kwa adabu zote, kama anamsindikiza mchungaji. Tangu siku hiyo akipiga simu ananiuliza hali, kazi, na afya za watoto. Ni heshima tupu, na inaniumiza.

Nimejifunza kwamba maji ya mlimani si maji ya ziwani, na kwamba mtani naye huogopa kufiwa. Nimejicheka humu kwenye simulizi hii peke yangu kwa sababu mwenye kazi hiyo ameiacha. Yohana, najua mkeo atakusomea haya. Mtumbwi umepotea, uache upotee. Nakuomba, ndugu yangu, nitukane.