Hapa Wapi?

Fundi wa tovuti wa Kasulu hakabidhi kazi kabla hajakifunika kioo cha kompyuta yake kwa kitenge. Anasikiliza mashine ikimsomea ukurasa kwa sauti, vidole vikipapasa vitufe. Ikitamka “bonyeza hapa,” anasonya na kujikaripia. “Hapa wapi? Asiyeona ataijuaje hiyo hapa yako?” Anafuta, anaandika upya.

Jana Mzee Niyubahwe, muuza maharage asiyeona, alikuja kuijaribu tovuti mpya ya soko kwa simu yake. Fundi akaikalia mikono yake, isije ikamsaidia. Simu ikasema, “Tangaza maharage yako.” Mzee akabonyeza. “Tangazo limepokelewa,” simu ikajibu.

Mzee akanyanyua fimbo juu. “Leo sikushikwa mkono na mtu!”

“Umebonyeza wapi, mzee?” fundi akauliza.

“Kwenye maharage yangu!”