Makaa ya Chini ya Lori

Mwanangu, umeniambia wamekupa kazi ya kupokea makaa ya mawe kule kwenye tanuru la tofali, na nimefurahi. Lakini kabla hujaweka sahihi yako popote, kaa hapa kidogo. Siku niliyopokea lori langu la kwanza hapa Karatu naikumbuka mpaka leo, na bado inaniuma.

Nilikuwa kijana, najiona najua. Aliyenifundisha kuchoma tofali, Mzee Bura, alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Hata vitunguu vya Mang'ola hakununua bila kuzamisha mkono mpaka kwenye kitako cha gunia, maana vizuri hupangwa juu. Nilikuwa namcheka. Siku hiyo alikwenda msibani Mbulumbulu, akaniachia neno moja tu: "Vunja bonge la chini."

Mwenye lori alikuwa na maneno matamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani alikumbuka? Nikafunua turubai, nikaona makaa meusi yanametameta.

"Makaa ni makaa, bosi," akasema. Nikasaini.

Uongo huo. Yapo meusi yenye mng'ao, yanayowaka kwa mwali mrefu. Hayo ndiyo ya matanuru yetu na ya viwanda vya saruji. Yapo magumu, mabishi kushika moto, ila yakishika moshi ni kidogo na joto ni kali. Mengine huokwa kwanza ndipo yayeyushe chuma. Na yapo ya kahawia, yenye maji, yanayomeguka mkononi. Haya hufaa kuzalisha umeme palepale yanapochimbwa. Ukiona yamesafiri siku mbili kukufuata wewe, jiulize kwa nini.

Hayo ya kahawia ndiyo yaliyojaa chini ya yale meusi. Nilipoyaona, lori lilikuwa limeshaondoka. Kwa aibu nikanyamaza, nikayatia tanuruni.

Tanuru lilifuka moshi siku nne. Humo mlikuwa na tofali za jirani yetu Mama Eliamani, alizofyatua na wanawe kiangazi kizima ili watoke kwenye nyumba yenye ufa. Zilitoka na wekundu wa juu juu, ndani mbichi. Akajenga. Mvua ya kwanza, ukuta ukalainika, ukalala chini.

Hakunigombeza. Aliniletea kipande cha tofali, akakibonyeza, kikawa udongo kiganjani mwangu.

"Ulivunja bonge hata moja, mwanangu?" akauliza.

Mzee Bura alikuwa pembeni, akiutazama ule udongo kiganjani mwangu. Nilitamani anitukane. Watoto wale walilala mwaka mwingine chini ya ufa uleule, na kila mvua ikinyesha nilikuwa nakaa macho.

Kwa hiyo panda lori, chimbua mpaka chini, vunja bonge, lichome kidogo kwenye jiko. Anayekuharakisha mshuku zaidi. Na ukikosea, sema kabla moto haujawashwa. Makaa yalinidanganya mimi, lakini ukuta wa Mama Eliamani niliuangusha kwa kunyamaza.

Mungu akupe jicho la kushuku na ulimi wa kukiri, na kila nyumba itakayopita mikononi mwako, mvua iikute na iiache imesimama.