Bomba la Mama Misuko

Mgeni akilisikia jina la Mama Misuko hudhani ni msusi wa nywele, na wapo waliowahi kufika mlangoni kwake na vitana mkononi. Walikaribishwa, wakapewa kipande cha keki, wakaondoka na nywele zao vilevile. Misuko yake yeye ni ya fondanti, ile sukari laini inayokandwa kama unga wa mkate na kuvishwa keki. Aliiviringisha kwa kiganja juu ya kibao mpaka ikawa nyuzi ndefu, unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha akazisuka tatu tatu na kuizungushia kila ghorofa ya keki. Maharusi wengi wa mtaa ule walikata keki yenye msuko wake, na mmoja, nasikia, alikataa kabisa kuukata, akauweka kabatini mpaka sisimizi wakaufanyia harusi yao.

Kazi hiyo aliifanya na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi anaoka, yeye anapamba. Hawakuwahi kukaa chini kugawana. Ilitokea tu hivyo, kwa sababu wifi akishika keki kuipamba inaonekana kama iliyogongwa na baiskeli, na yeye akishika oveni kinachotoka humo ni kigae.

Sasa kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza vituko. Kwanza kilikuwa kizito asubuhi. Baadaye shina lake likavimba, na kila alipobana kitu maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Daktari alimwambia ni maungio, apunguze kubana na kuviringisha. Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu apunguze chumvi, wala hakujua kwamba amemwambia mtu aache kuwa yeye.

Mama Misuko hakumwambia yeyote, na wifi ndiye aliyefichwa kuliko wote. Hofu yake ilikuwa moja: kama siwezi kusuka, mimi jikoni humu nakaa kama nani? Akajikaza kisabuni. Bahati, alijiambia, fondanti ya siku hizi imekuwa laini, kiwandani wameanza kuogopa Mungu. Hata hivyo nyuzi zake zikaanza kutoka nene hapa, nyembamba pale, na keki ya binti wa mkunga ilikuwa mbele yake, ghorofa tatu, msuko kila ghorofa, harusi kesho yake Jumamosi.

Ndipo akaamua kununua bomba. Ni kidude cha chuma: unajaza fondanti, unafunga mdomoni kisahani chenye tundu, unasukuma, na uzi unatoka wenyewe. Miaka yote alikuwa akiwacheka wanaolitumia. Asubuhi ile ya Ijumaa alifika dukani kabla mwenye duka hajamaliza kufagia.

Mwenye duka la vifaa vya keki ni mzee mchangamfu ambaye mdomo wake hauna breki, na ana sharti moja: hakuna anayenunua bomba bila kulijaribu. Mama Misuko alikuja na fondanti yake mwenyewe kwenye mfuko, kwa maana ile ya dukani ya kujaribia ni laini mno, ingepita hata kwenye tundu la sindano. Hapo alitumia akili. Mzee akapanga mabomba matatu juu ya kaunta: la kusukuma kwa kiganja kama bomba la sindano, la kubana kama lile la mafundi wa kuziba madirisha, na la skrubu, lenye mpini wa kuzungusha.

Akayajaribu yote kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha kwenye mfuko wa gauni, kwa sababu mzee akiona uvimbe, hadi adhuhuri mtaa mzima ungekuwa unampa pole. Kwa hiyo fondanti aliileta, ila mkono mgonjwa ambao ndio uliomtoa nyumbani hakuupa nafasi ya kusema neno.

"Mama, siku hizi mkono wa kushoto?" mzee akauliza.

"Nabadilishabadilisha."

"Haya. Hilo la skrubu vipi?"

"Linachelewa hilo. Kuzungusha, kuzungusha, kama nafungua kopo la jamu." Akabana lile la mafundi, uzi wa urefu wa kidole ukatoka, mzuri, mwororo. "Nifungie hili."

Akarudi nyumbani roho kwatu. Mchana, wifi akiwa uani anapoza keki ya mwisho, akafunga mlango wa jikoni na kuanza kazi.

Urefu wa kidole ni kitu kimoja, na keki ya ghorofa tatu ni kitu kingine. Mkono wa kushoto, ambao tangu azaliwe haujawahi kutumwa kazi ngumu, ulibana nyuzi za ghorofa ya kwanza, ukamaliza na za ghorofa ya pili, halafu ukagoma. Mama Misuko akautazama wa kulia. Akapiga moyo konde, akalihamisha bomba, akabana. Maumivu yakampiga mpaka machozi yakamtoka, na bomba likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Mlango ukafunguka. Wifi alisimama pale na kitambaa cha oveni begani.

"Nini hicho?"

"Bomba. Limeniteleza."

"Halijakuteleza. Mkono umekataa."

Mama Misuko akafuta machozi. "Umejuaje?"

"Nimejuaje! Wifi, makopo humu ndani nani anakufungulia? Vifuniko navilegeza mapema, navirudisha juu juu, ili uje ufungue ujione shujaa. Na hiyo fondanti unayoisifia, nani unadhani anaikanda na mafuta usipokuwepo? Eti kiwanda!"

"Kwa hiyo kiwanda ni wewe?"

"Ni mimi. Na hujanilipa hata shukrani."

Mama Misuko akakaa kwenye kiti. Alitaka kucheka, akajikuta analia, kisha vyote viwili vikaja kwa pamoja. "Mbona hukusema kitu?"

"Nilikungoja wewe useme. Mkono ni wako."

"Niliogopa, wifi. Nilijua utasema basi, nikapumzike. Mimi nikipumzika jikoni humu ni nani?"

Wifi akakasirika kwelikweli, hasira ya mtu aliyekaa nayo muda mrefu. "Ukapumzike wapi? Uniache na nani? Mimi nipambe, watu wadhani keki imegongwa? Inuka, lete hilo bomba, twende tukalibadilishe."

Wakarudi dukani wote wawili. Safari hii Mama Misuko aliuweka mkono wa kulia juu ya kaunta, uvimbe na vyote, kama anayeweka mfuko wa sokoni uliomchosha. Mzee akautazama. Kisha akagusa lile bomba lililoanguka, akaguna kuhusu mkwaruzo wake, akalitia chini ya kaunta.

"Ungenionyesha asubuhi," alisema, "hili nisingekuuzia."

Akamletea lile la skrubu. Mpini wake ulipita pande zote mbili, mpana, wa kusukumwa kwa kiganja bila kidole gumba kufanya lolote. Mama Misuko akalijaza fondanti aliyoipasha kwanza mikononi, akazungusha kwa mkono wa kulia. Uzi ukaanza kutoka taratibu. Asubuhi aliona unachelewa. Sasa akauona hauna haraka, na kidole gumba kimekaa pembeni kama mgeni. Akashusha pumzi ambayo, nikikadiria, alikuwa ameibana tangu siku ile ya daktari.

"Hili," akasema.

Nyumbani wakajipanga upya. Wifi akalishika bomba kwa mikono miwili lisicheze, Mama Misuko akazungusha mpini kwa kiganja cha kulia na kuupokea uzi kwa kushoto, akaulaza kwenye kibao. Kusuka hakukumpa taabu; fondanti ya wifi ilikuwa laini, ikitaka kuelekezwa tu. Zile nyuzi za lile bomba la kwanza alizikanda upya, kwa kuwa kila mbano ulikuwa umeacha nundu. Ghorofa ya kwanza ikavaa msuko wake, na ya pili, na jikoni kukawa na maneno mengi na kicheko kuliko siku nyingi zilizopita.

Walipofika ghorofa ya juu, wifi akamtazama usoni.

"Unauma?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Mama Misuko akalimeza.

"Unauma kidogo," akasema. "Zungusha wewe, mimi nishike."

Wakabadilishana nafasi, na uzi haukukatika.