Kitambaa Ambacho Mama Mkwe Hakutaka Kiishe

Siku moja ya masika naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa nyingi za ujana wangu zimeshanitoka kichwani. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Machame. Kila asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, nikapika, nikafua. Ikifika saa tisa alasiri nilishuka kwenye nyumba ya mama mkwe, hatua chache tu ndani ya kihamba kimoja, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na mibuni. Alikuwa mjane. Wanawe walikuwa wametawanyika kutafuta maisha, akabaki mume wangu peke yake, naye alishinda kazini Moshi mjini.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kufuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoana nchani. Alinishika vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Usivute uzi kama kamba ya ng'ombe," alikuwa akiniambia. Nilikuwa mwepesi wa kujifunza, na sisemi hivi kwa kujisifu. Baada ya miezi michache nilikuwa nimemaliza vitambaa vya makochi yangu yote. Yeye alikuwa na kitambaa kimoja tu cha meza, cheupe, na hakikuisha. Wiki hii kimefika shubiri nne, wiki ijayo kimerudi shubiri tatu. Nami, kwa utoto wangu, kila mara nilimwuliza, "Mama, hiki kinaisha lini tupumzike?"

Basi siku hiyo ya masika nilikwenda mapema, maana mvua ilikuwa inakuja. Nikamkuta barazani, kitambaa mapajani, anakifumua. Anavuta uzi taratibu, anauviringa kwenye donge lake. Hakuwa amekosea popote. Niliona kwa macho yangu kazi ilivyonyooka. Yeye hakuniona. Nikarudi nyuma kimya kimya, na badala ya kujiuliza kulikoni, nikacheka. Jumapili baada ya ibada nikawasimulia wanawake wenzangu wa kwaya: "Mama mkwe wangu ameanza kuchanganyikiwa. Anafuma, halafu anafumua mwenyewe!" Wakacheka, nami nikatia chumvi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Wiki haikuisha kabla maneno hayajamfikia. Nilipokwenda kwake hakuwa na uzi mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda nikae.

"Umewaambia watu nimepotewa na akili," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Akili zangu ninazo. Kitambaa kile ningekimaliza zamani. Lakini kikiisha, mwanangu, utakuja tena huku kufanya nini?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa.

Kesho yake nilikata jani la sale, nikampelekea kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani, mkosaji akileta jani hilo, aliyekosewa hushusha hasira. Alilipokea, akanisamehe, hata akatabasamu. Lakini hakushika tena sindano mbele yangu. Tulikaa, tukaongea habari za ng'ombe na mvua, na aibu ikakaa kati yetu kama mtu wa tatu. Safari zangu zikapungua. Nikapata watoto, kazi zikanizonga, nikaacha kufuma kabisa. Mwanangu Elia alipoanza shule, bibi yake akafariki. Majuto ni mjukuu. Wangu alikuja akiwa amechelewa sana.

Hujafa hujaumbika. Leo mjane ni mimi. Elia yuko Dar es Salaam na mkewe Jesca. Dada yake anafanya biashara Holili, mpakani. Simu hulia Jumapili. "Mama, hujambo?" "Sijambo, wanangu." Ikikatika, nyumba inanyamaza mpaka namsikia ng'ombe akicheua bandani. Kuna siku nilipika ndizi za watu wanne kwa mazoea tu, nikakaa nikiitazama sufuria.

Mwaka jana, wakati wa baridi, wingu likiwa limekaa mlimani siku nenda siku rudi, nilifua kitambaa kimoja cha kochi, ukingo wake ukaanza kufumuka. Ningeweza kukitupa. Nikashuka Moshi, nikanunua uzi na sindano ya kroshia, nikakirekebisha. Viungo viliuma, lakini vidole havikuwa vimesahau. Vilitangulia, akili ikafuata. Nikaanza kitambaa kipya cha meza. Alasiri zikapata kazi. Wakati mwingine nilijikuta namsemesha mama mkwe kwa sauti: "Hapa nimekaza mno, eti?"

Desemba kitambaa kilibakiza safu mbili. Nikakiangalia, nikaona siku zitakazokuja baada yake, nikaogopa. Nikashika uzi nikavuta. Nilifumua nusu nzima, mwanangu, nikilia.

Krismasi wakaja wote, nyumba ikajaa. Siku moja Jesca alikaa nami barazani, simu mkononi, akakiona kitambaa.

"Mama, si ulituambia umekaribia kumaliza?"

"Nilikosea mahali," nikamjibu, "nikafumua."

Akarudi kwenye simu yake. Nikaona uongo wangu unavyotaka kutukalisha sote kimya, kila mtu na lake.

"Sikukosea, Jesca," nikasema. "Nimefumua kwa sababu nikimaliza sina cha kufanya. Niko peke yangu hapa. Siku ni ndefu."

Akaiweka simu chini. "Sasa mama, kwa nini hujawahi kusema? Kila tukipiga unatuambia hujambo!"

"Ningesema nini? Mna kazi zenu."

Alisogeza kigoda, akaniambia, "Nifundishe." Alasiri mbili tulikaa hivyo. Uzi wake ulijisokota vibaya, tukacheka mpaka Elia akaja kuuliza kuna nini. Kisha likizo ikaisha, wakaondoka. Siku hizi Jesca hupiga na katikati ya wiki, ananionyesha kwa video safu zake zilizopinda. Sitakudanganya: akikata simu, ukimya hurudi pale pale. Lakini sasa yuko mtu anayejua kwamba upo.

Basi nikuambie wazi. Ukimwona mzee anafanya jambo usilolielewa, usikimbilie kulicheka. Kaa karibu naye umwulize kwa upole. Usimpe mzazi wako nafasi ya kukujibu "sijambo" tu ukaridhika. Na siku utakapozeeka, maana utazeeka, usiufiche upweke wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama mkwe alisema baada ya kuumizwa. Mimi nilisema nikiwa nimeshalia. Wewe sema mapema.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikia lisilosemwa, na asikunyime mtu wa kukaa naye alasiri.