Jicho la Kinyonga

Nilipokuwa mtoto kule Bungu, kabla sijaolewa huku Handeni, kila asubuhi nilisafisha tundu la vinyonga. Baba aliwakamata shambani, akawaweka nyuma ya jiko wakimsubiri mnunuzi, eti huko mbali wapo watu wanaowafuga. Sikuwashika kwa mkono, nani angethubutu? Nilisogeza kijiti wakapanda wenyewe, taratibu mpaka uchoke. Ndipo nitoe mavi, nibadilishe majani ya mgomba, niwanyunyizie maji, maana ya kwenye bakuli hawanywi. Nikimaliza nafunika tundu kwa gunia.

Gunia lilikuwa amri ya bibi, mama yake baba, kwa sababu mama alikuwa mjamzito.

"Zaina, mama yako asimwone huyo mdudu. Mwenye mimba akitazamana na kinyonga, mtoto atatembea kama kinyonga."

Siku moja nimerudi mtoni mara tatu, ndoo kichwani, miguu imeisha. Mama akauliza, "Umesafisha kule nyuma? Mbona kunanuka?"

"Nimeshasafisha, mama."

Uongo. Nikajilaza jamvini. Mama na tumbo lake akaenda kutazama kinachonuka. Nikasikia gunia linavutwa, kisha, "Yalaa!"

Bibi alifika mbio. "Amekutazama?"

"Amenitazama, mama."

"Kwa jicho lipi?"

"Moja usoni, moja tumboni."

Bibi akakaa chini palepale. Mama akacheka, "Sasa mama, kwani mimi panzi?"

"Nani katoa gunia?"

"Mimi mwenyewe," mama akasema. Akanitazama mara moja tu, basi. Mpaka anakufa hakunitaja.

Athumani alizaliwa salama. Lakini mwaka ukapita, wa pili ukapita, hajasimama. Alipokuja kusimama, anapeleka mguu mbele, anaurudisha, anafikiri, anaupeleka tena. Wanawake mtoni wakawa wanasema, "Kinyonga huyo anakuja!" Wanacheka. Mie sicheki. Nilimbeba mgongoni miaka mitatu na ushee, mtoni, shambani, hadi chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na yeye hakuwa mwepesi. Wenzangu wanacheza, mie nimefunga mtoto. Mama akisema mshushe, nakataa.

Baadaye nesi aliniambia wapo watoto wanaochelewa tu. Labda. Mie bado nasikia lile gunia.

Sasa Athumani ni mzee, ana wajukuu. Juzi alikuja kutoka Korogwe kunijulia hali, akatembea toka stendi kwa miguu yake, polepole vilevile. Nikaona nisife nayo, nikamwambia yote. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kumbe, dada! Mie siku zote najua ulikuwa unanipenda."

"Mwanzoni nilikuwa naogopa tu," nikamwambia. "Kupenda kulikuja njiani, huko kwenye kupanda toka mtoni."

Akainuka kunisogezea mto wa kuegemea. Mgongo huu uliombeba haujapona mpaka leo, na sijauombea dawa.