Mkojo wa Wifi

Maumivu yangu yalikaa chini ya kitovu, zaidi upande wa kushoto, na yalikuwa na tabia zake. Yalijua nikisujudu, yalijua nikienda haja, yalijua mume wangu akinisogelea. Mwanzoni yalikuja na siku zangu na kuondoka nazo. Baadaye yakaona kwangu pazuri, yakahamia kabisa. Nikaanza kuswali nimekaa kwenye kiti, na wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi, ambao haya waliiweka kando zamani, wakaniuliza kama nimekuwa bibi kizee kabla hata ya kuzaa. Niliwajibu vibaya. Mwili wangu wote uliugua isipokuwa mdomo.

Nilikuwa nimeshameza kila kitu: vidonge vya duka la dawa, mizizi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, na kombe la shehe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani nyeupe, nikalinywa kwa imani yangu yote. Hospitali sikwenda. Mume wangu ni fundi wa magari, na fundi hana mutuelle, ile bima ya wafanyakazi wa serikali. Tena wakati ule mafuta yalikuwa yameadimika mjini, magari yamelala kwenye foleni za vituo, na gari lililolala haliharibiki. Mume wangu alishinda gereji akipiga soga na spana mkononi. Lakini kulikuwa na jambo nililoliogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Jirani yetu mmoja alipasuliwa, akapona, halafu akazuiliwa wodini kwa sababu hakuwa na cha kulipa. Watoto wake walikuwa wakienda kumpungia mkono dirishani. Nilijiapiza kwamba mimi nitafia nyumbani kwangu.

Aliyenitoa nyumbani ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye wakati huo mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Alinikuta nimejikunja kwenye sakafu ya jikoni, maharage yanaungua. Aliipua sufuria kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"We unangoja nini?" akaniuliza.

"Nangoja ipite."

"Haitapita. Sikia, wifi. Mu hospitali ya serikali, mwanamuke mwenye mimba wanamupokea bure. Wanamupima, wanamupitisha mu ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo, hata wakimupasua ni bure. Mi niko na mimba. Nitakupatia mukojo."

Nilicheka, na kicheko kikaniuma. Kesho yake asubuhi alinikabidhi chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, ameiosha vizuri na kuijaza. Alisema niifunge kiunoni, ngozi kwa ngozi, ili mkojo usipoe, maana mkojo wa baridi utanichongea. Tukaenda kwa miguu hadi hospitali ya serikali, upande wa kaskazini wa mji, yeye na tumbo lake, mimi na chupa yangu. Njiani watu walimpisha yeye kwenye kivuli. Tulipofika getini alibaki nje, mtu asije akatuona pamoja na kuanza kupiga hesabu.

Mkunga alinipa kikopo. Nilijifungia chooni, nikaumimina mkojo wa wifi kikoponi kwa pupa hadi nikamwaga kidogo kwenye kitenge changu. Aliporudi na kipimo cha mimba alikuwa anatabasamu. Mistari ilikuwa miwili.

"Hongera, mama," akasema.

Tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilijibu asante, na kwa muda mfupi nilifurahi kwelikweli, kama kwamba mkojo ule ungeweza kuwa wangu. Furaha hiyo ilinitisha. Nikajikaza, nikamweleza kuhusu maumivu, upande wa kushoto, makali, na nikaona uso wake unabadilika. Aliandika haraka na kunipeleka ekografi mwenyewe, akanipitisha mbele ya wanawake wote waliokuwa wakingoja. Nilijiona mjanja sana.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mvi zimemwanza pembeni mwa uso. Alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akakandamiza mashine, akaizungusha, akakandamiza tena. Aliniuliza siku zangu za mwisho zilikuwa lini. Nikamdanganya kama nilivyofundishwa na wifi. Akairudisha mashine palepale upande wa kushoto.

"Mama," akasema hatimaye, "mu tumbo la uzazi hamuna kitu. Mutoto amekaa inje, pembeni, ku mushipa ya uzazi. Imekuwa kubwa. Ikipasuka, damu itajaa mu tumbo na utakufa. Tunakupasua leo, sasa hivi."

Sikuwa nimewahi kujua kwamba hofu ina ladha. Ilikuwa chungu, nyuma ya ulimi. Kabla sijapata neno, muuguzi alikuwa ameshanichoma sindano ya maji mkononi, mwingine anampigia mume wangu kwa simu yangu. Nikamsikia akisema "mimba" na "haraka". Daktari alinieleza kwamba huenda akalazimika kuukata ule mshipa. Nikaanza kuelewa nilichokifanya. Wangenifungua na kumtafuta mtoto ambaye alikuwa nje ya geti, ndani ya tumbo la wifi yangu, na wasipomwona wangekata kilichopo. Mimi ambaye nilikuwa sijazaa bado.

Nilimshika daktari koti, nikamnong'oneza sikioni.

"Dokta, apana. Mi sina mimba."

"Kipimo imeonyesha."

"Mukojo ule haikuwa yangu. Ni ya wifi yangu."

Aliwatoa wauguzi nje na kufunga mlango. Nilijua ataniitia polisi. Badala yake aliniletea kikopo kingine. "Kojoa," akasema. "Hapa hapa, mi naangalia." Nikachuchumaa mbele yake na mrija wa maji mkononi, na aibu niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Akatumbukiza kipimo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikuwa mmoja. Kisha akanilaza tena na kurudisha mashine juu ya tumbo langu.

"Basi hii ni mufuko wa damu ya zamani," akasema. "Kila mwezi inaongezeka. Ndiyo inakuumiza myaka yote. Na hii pia ikipasuka ni mubaya. Inafaa itoke."

"Basi itoe, dokta."

"Ile ya mimba, serikali inalipa. Hii, utalipa we mwenyewe. Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa gari."

Hakuna mtu mjini aliyekuwa na haja ya kuelezwa hali ya mafundi wa magari. Nje muuguzi aligonga, akasema chumba cha upasuaji kiko tayari. Daktari alikichukua kile kipimo cha mstari mmoja na kukitupa kwenye ndoo ya takataka. Kile cha mistari miwili kilibaki kwenye sinia, juu ya faili yangu.

"Mi sikusikia kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hapa wataandika, na kwenu watasema, ni mimba iliharibika. Utaweza kuishi nayo?"

Nikasema nitaweza. Ningesema lolote. Niliogopa kisu, niliogopa wodi ya wadaiwa, niliogopa kurudi nyumbani na ule mfuko tumboni na kungoja upasuke siku nikiinua ndoo ya maji.

Mume wangu alifika amekimbia njia nzima, ovaroli imejaa grisi. Walikuwa wameshamweleza kwenye korido. Sijui niuite nini uso ule. Mtu alikuwa amepewa mtoto na kunyang'anywa katika sentensi moja. Alinishika mguu, kwa kuwa sasa mikono yangu yote miwili ilikuwa na sindano, akauliza, "Ulikuwa na mimba, na haukuniambia?"

"Nilitaka nihakikishe kwanza," nikasema.

Akasaini, kidole chake kikaacha alama nyeusi kwenye karatasi. Nyuma yake alisimama wifi yangu, aliyekuwa ameingia naye, mikono yote miwili juu ya tumbo lake. Alinitazama. Mimi nikatazama chupa ya maji iliyoning'inia.

Walinichoma sindano ya mgongo, nusu yangu ya chini ikafa, masikio yakabaki hai. Nilisikia vyuma vikigongana na mashine ikifyonza. Nilisoma shahada mfululizo, nikichanganya maneno, nikianza upya. Kila daktari aliponyamaza nilifikiri amekata pasipostahili. Baadaye alikuja kuniambia sikioni kwamba kilichotoka ndani ya ule mfuko kilikuwa cheusi na kizito kama oili chafu, na kwamba kifuko cha mayai amekiacha, mishipa pia ameiacha. Ugonjwa una jina refu la Kifaransa na hupenda kurudi. Nililia kwa utulivu, bila sauti, kwa sababu mshono haukuruhusu zaidi.

Mume wangu hakuwepo wakati huo. Aliporudi alikuwa na kipande cha bafta nyeupe ya sanda, kipya, kimekunjwa vizuri. Alinawa mikono hadi viwiko kabla ya kukigusa, nililiona hilo. Akamsogelea daktari kwa adabu na kumwomba apewe kilichotoka, akakizike.

Sijawahi kuogopa vile, hata kwenye meza ya upasuaji. Daktari alinitazama mara moja tu.

"Ilikuwa bado damu tu, baba," akamwambia. "Hakuna ya kuzika."

Mume wangu alikikunja kile kitambaa zaidi na zaidi, hadi kikatosha kwenye kiganja, akakitia mfukoni.

Nyumbani mama mkwe alinipokea kwa dua. Wanawake walewale wa kiti na bibi kizee walikuja kunipa pole, wakaleta uji wa mtama, wakalia kwelikweli. Nilikunywa uji wao. Kidonda kilipopona nilirudi kuswali na paji la uso langu chini kwenye mkeka, na hapakuwa na maumivu. Wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume. Hatujawahi kulizungumza lile jambo, mimi na yeye, hata tukiwa peke yetu. Mume wangu anampenda sana mpwa wake. Akimbeba husema yeye na mtoto wetu wangekuwa marika, wangecheza pamoja, na wifi yangu huona ghafla kazi ya kufanya uani.

Mwaka huu siku zangu zilichelewa. Nilijipima mwenyewe, kwa mkojo wangu, nikapima tena, ndipo nikamwambia. Tulikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikuwa msichana mpole mwenye kalamu ya kijani.

"Hii ni mimba ya ngapi, mama?"

"Ya pili," mume wangu akajibu kabla yangu.

"Ya kwanza ilienda je?"

"Ilikaa inje ya mahali pake. Walimupasua."

Kalamu ikasimama. Muuguzi alisema basi lazima tupelekwe ekografi mapema, maana mwanamke aliyewahi kupata ile anaweza kuipata tena. Mume wangu akaushika mkono wangu chini ya meza. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Alikuwa anaogopa kitu ambacho hakijawahi kutokea, na mimi peke yangu chumbani mle ndiye niliyeweza kumwondolea ile hofu kwa sentensi moja.

"Muangalie vizuri," akamwambia muuguzi. "Hatutaki kupoteza mwengine."

Muuguzi akanigeukia, akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa, ili aandike.

Nikasema ndivyo.