Mkate wa Jumamosi ya Kupatana

Nikianza habari za Tabora sijui kukatisha, kwa hiyo utanivumilia. Mwaka juzi nilikwenda huko kumzika binamu yangu. Siku ya tatu, matanga yalipotulia, nikatoka kunyoosha miguu, na miguu yenyewe ikanipeleka nyuma ya stesheni, mahali palipokuwa na kanisa la wageni. Jengo bado lipo, ila sasa ni ghala la mbegu za alizeti. Mlinzi akanikaribisha nichungulie. Nikamwambia nina haraka, na haikuwa kweli. Niliogopa. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, naogopa magunia. Kaa nikueleze kwa nini.

Zama za Mwingereza, wakati wa vita ile ya pili, mimi na bibi yangu tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya kanisa hilo. Mama alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na baba alichukuliwa askari, akapelekwa mbali ambako barua zilichukua miezi kufika. Hatukuwa na nyumba nyingine. Bibi alifagia kanisa, akawapikia wageni chai, na juu ya yote hayo alikuwa mwoka mkate wa Meza ya Bwana. Vyumba vile vilikuwa vya mtu wa kazi ya kanisa. Kazi ikiondoka, na vyumba vinaondoka.

Watu wa mjini waliliita kanisa la wageni kwa sababu wenyewe walitoka kila pembe ya dunia. Mchungaji na mkewe walikuwa Wamarekani. Kulikuwa na nesi kutoka Norwe, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kulikuwa na mume na mke wa Uswisi waliosafiri kutoka upande wa Usinge kwa lori lililofika likiwa limejaa vumbi hadi kwenye nyusi zao. Na kulikuwa na Waingereza wa reli, mkubwa wao akiwa fundi mkuu mmoja tuliyemwita Bwana Reli, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Sasa sikia jambo la kuchekesha: Kiingereza cha Waswisi kilikuwa cha kuokoteza, na cha yule nesi hakikuwa bora sana, lakini wote walikuwa wamejifunza Kiswahili. Kwa hiyo mambo mazito waliambiana kwa lugha yetu, kila mmoja akiivunja kwa namna yake. Ndiyo maana mimi, mtoto wa miaka kumi, niliyaelewa yote.

Walikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta tena popote. Mkate waliula mara moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza. Jumamosi yake, saa kumi alasiri, walikaa kanisani kwenye viti vilivyopangwa duara, wakafanya walichokiita Kikao cha Kupatana. Kila mwenye jambo moyoni alilisema mbele ya wote, akasamehewa, ndipo kesho yake akale mkate. Sisi watu wa pale kanisani tuliruhusiwa kukaa nyuma, na kama tuna neno tulisema pia. Mke wa Mswisi aliwahi kukiri kwamba alikionea wivu cherehani cha mke wa Mchungaji. Bwana Reli alikiri kwamba alimtukana karani wake. Bibi alipita na birika akiwamiminia chai, na uso wake hukuweza kuusoma.

Kwa pombe hawakuwa na mchezo. Hata kikombe cha Meza ya Bwana hakikuwa na divai. Nesi alinunua zabibu kavu kwa Mhindi wa duka la kona, akazichemsha, akachuja maji yake. Mwaka uliotangulia mpiga kengele wa kanisa alikutwa ananuka pombe. Bwana Reli hakupaza hata sauti. Siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, mpiga kengele, mkewe, watoto watatu na kuku wao walikuwa barabarani na mizigo kichwani. Nilisimama na bibi mlangoni tukiwatazama. Bibi akasema, "Umeona? Hapa tunakaa kwa neema." Kisha akarudi ndani kuchambua mchele.

Sasa nifike penyewe. Mkate ule ulitaka hamira, na hamira ilitoka ng'ambo katika makopo madogo mekundu. Vita ilipokolea makopo yakaadimika, kisha yakakatika kabisa. Mke wa Mchungaji akamuuliza bibi kama bado ataweza kuumua mkate. Bibi akajibu, "Nitaweza, mama," na hakuna aliyemuuliza ataweza vipi. Mama yake bibi alikuwa amekwenda na misafara, akiwapikia wapagazi kwenye njia ile ya kutoka pwani mpaka Ujiji, na huko njiani alijifunza kuumua unga kwa machicha, yale mashapo yanayobaki chini ya chungu cha pombe ya mtama. Alimfundisha bintiye. Kwa hiyo kila Ijumaa ya kabla ya Kikao nilitumwa mtaa wa Chemchem, kwa mama mmoja mpika pombe, kuchukua machicha katika kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi. Bibi aliyakanda na unga wa ngano, akafunika kwa kitambaa, akaoka Jumamosi asubuhi katika tanuri la matofali. Mkate ulipanda vizuri kuliko ule wa makopo. Ulikuwa na uchachu kidogo na ganda la kahawia lililopasuka juu, na wageni waliusifu. Mke wa Mswisi alisema umemkumbusha kwao.

Nilimuuliza bibi kama si dhambi. Alikuwa anapalia makaa. "Moto ukishapita, pombe hakuna tena," akasema. "Na wewe usiende kulitangaza." Kwa miezi saba nilinyamaza, na sikuona tabu.

Tabu ilianza na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Alikuwa kijana mkali, mwenyeji wa Kigwa, aliyependa kutufundisha huku amefumba macho. Siku moja akatueleza kwamba mkate ule si chakula cha mchezo, na kwamba zamani watu walioula vibaya waliugua, na wengine wakafa. Wiki hiyo hiyo mtoto wa Mchungaji, mvulana wa miaka mitano ambaye tulikuwa tunakimbizana naye uani, akashikwa na homa. Mkate hakuwa amekula yeye, lakini wazazi wake walikuwa wameula, na katika hesabu zangu hilo lilitosha. Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu akawa hamtambui mama yake. Nesi akahamia nyumbani kwao na kwinini yake, na kila alipotoka kumwaga maji nilimkodolea macho nisome habari usoni mwake. Sikusoma kitu.

Ijumaa ikafika, nami nikatumwa Chemchem kama kawaida. Mpika pombe alinipokea kwa "mwangaluka", salamu yake ya Kinyamwezi ya siku zote, akanijazia kibuyu, akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikasema moshi. Narudi, nipo kwenye ile barabara ya zamani ya wapagazi, nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Alikuwa Bwana Reli. Akashuka, akatembea nami huku akiikokota baiskeli.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Uji wa bibi."

Akakitazama kibuyu. Machicha, wewe unajua, hayafichiki. Yalikuwa yanafukuta chini ya kizibo, na harufu ilitembea pamoja nasi kama mtu wa tatu. Nilihamisha kibuyu mkono wa pili. Akasema bibi yangu ni mwanamke mwema, na kwamba kesho kabla ya Kikao angependa kupita jikoni amsalimie. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Ningemwambia bibi, mambo yangekuwa mengine. Nimeliwaza hili mara nyingi. Angeyamwaga machicha, angepika mkate wa bapa, angekwenda kwa Mchungaji kwa miguu yake na kusema yaliyo yake kwa namna yake. Alikuwa mtu wa kujua namna. Lakini niliogopa kusema kwamba nimeonwa, nikaogopa zaidi kusema kwamba nimedanganya, na katikati ya hofu hizo mbili kulikuwa na yule mtoto kitandani. Nikamkabidhi kibuyu, nikala ugali, nikalala.

Kesho yake mkate uliokwa. Bwana Reli hakuja jikoni. Treni ya mizigo ilikuwa imeacha reli huko mbele, akashikwa na kazi mpaka alasiri. Mimi sikulijua hilo. Asubuhi nzima kila mlango ukilia nilishtuka, hata bibi akaniuliza kama nina homa, akanigusa shingo kwa mkono wenye unga.

Saa kumi wakakaa. Bwana Reli aliingia mwisho, mafuta ya mashine bado kwenye kucha zake, akakaa akitazama meza ambapo mkate ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe. Mchungaji, aliyeshinda humo kanisani akiomba tangu asubuhi, alikuwepo ila mkewe hakuwepo, na nesi hakuwepo. Mchungaji akaomba, sauti yake ikakatika katikati. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mswisi akakohoa. Bwana Reli akajisogeza mbele kwenye kiti chake, nikaona anafungua mdomo, na mimi nikasimama.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nikasema mkate ule una machicha ya pombe, na si leo tu bali tangu makopo yalipokatika, na mimi ndiye ninayeyaleta, na jana nimemdanganya Bwana Reli, na tafadhali Mungu asimuue mtoto. Kisha nikaketi.

Bibi alikuwa karibu na mlango. Mchungaji akamgeukia, akamuuliza taratibu, "Bibi, ni kweli?"

"Mtoto amesema kweli," bibi akajibu. "Mliniuliza kama nitaweza. Niliweza."

Ndipo nesi akaingia. Alikuwa amevua kofia yake, nywele zimemwangukia usoni. Akasema homa imeshuka tangu saa sita mchana, mtoto ameomba ndizi, na walikuwa wamesahau kutuma mtu kuja kusema. Tangu saa sita. Mchungaji alitoka mbio. Nikafanya hesabu kichwani mwangu, nikaona kwamba nilipokuwa nasimama kumwokoa yule mtoto alikuwa tayari anakula ndizi.

Nesi alipoelezwa habari za mkate, alishangaa kwa nini watu wamekunja nyuso. Akasema kwao bibi yake naye alikwenda kwa mpika bia kuomba chachu, na mikate ilikuwa hivyo hivyo. Waswisi wakatikisa vichwa wakikubali. Lakini Bwana Reli alisema jambo moja, na alilisema bila hasira, jambo lililokuwa gumu kulijibu. Alisema mpiga kengele naye alikuwa na watoto. Kama kanuni ilikuwa kanuni kwake, itakuwaje si kanuni leo? Walilibishania mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana, na Mchungaji aliporudi alikuja kutuambia macho yake yakiwa chini. Tulipewa wiki mbili tuhame. Jumapili ile walikula biskuti za kopo.

Tulihamia Chemchem, chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na yule mpika pombe. Bibi akaanza kuoka mikate ya kuuza, na sitii chumvi, ilikwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Nesi alikuja kununua kila wiki bila kujificha. Mpishi wa Bwana Reli naye alikuja, huyo akijificha, na bibi alimchagulia uliopanda vizuri zaidi. Hatukulala njaa. Ila bibi hakuingia tena kanisani, la wageni wala la mtu mwingine, na zamani alikuwa mtu wa kuimba sauti ya pili mpaka dirisha likatikisika.

Hakunigombeza hata siku moja. Tulipokuwa tunafunga mizigo siku ya kuhama, mimi nalia, yeye anaviringisha mkeka, alisema neno moja tu: "Ungeanza na mimi, mjukuu wangu." Akafunga kamba, akaniambia nishike upande wa pili.

Wale wageni wameondoka wote. Waswisi walizikwa kwao, nesi sijui alizikwa wapi, na baada ya uhuru viti vyao viligawanywa mashuleni. Tanuri lilibomolewa. Kijana ukimwambia leo kwamba kulikuwa na watu Tabora waliokutana alasiri nzima ili kuombana radhi kwa sababu ya cherehani, anakutazama tu. Kwa kweli hata mimi nawakumbuka kwa mapenzi, pamoja na yote waliyotutenda.

Bibi aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Nilimpikia, nilimfulia, alipopooza nilimwogesha kwa mikono yangu. Kila siku nilijiambia kwamba anajua ninavyojuta, basi hakuna haja ya kusema. Nikiwa na miaka kumi nilisimama mbele ya kanisa zima. Kumwambia mtu mmoja tu, "Nisamehe, bibi," kulinishinda mpaka nikamfumba macho.